Hadithi Ile Haikuwa Yangu



Katika toleo la muhula uliopita mlisoma hadithi iliyoitwa "Mizani ya Ghalani", na chini yake palikuwa na jina langu. Wengi mliisifu. Mzazi mmoja aliyekuja kumtazama mwanawe alinipa mkono mbele ya watu akasema, "Kijana, usiache kuandika." Wadogo zetu wa kidato cha kwanza wakaanza kuniita Mtunzi, nami nikaitika. Leo nimemwomba mhariri anipe nafasi niseme neno moja tu: hadithi ile haikuwa yangu. Niliitoa katika madaftari ya babu yangu, nikainakili, nikaweka jina langu. Nataka kueleza ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa maana nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nimechoka kutembea huku nimejishika.

Mwanzo wake ulikuwa kipindi cha Kiswahili, tulipokuwa kidato cha tatu. Mwalimu aliingia darasani bila kitabu, akatuuliza, "Nani atanitajia mwandishi aliyepata tuzo kwa kitabu cha Kiswahili?" Tulinyamaza. Hata mwenzetu mmoja akanyosha mkono akamtaja Profesa Abdulrazak Gurnah. Mwalimu akasema, "Huyo ni mzaliwa wa Zanzibar, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi, nasi tulifurahi. Lakini vitabu vyake ameviandika kwa Kiingereza. Mimi nimeuliza habari za Kiswahili." Tukanyamaza tena, naye akaanza kutueleza.

Alisema kwamba katika mwaka 1957 na 1958 ile idara ya vitabu iliyoitwa East African Literature Bureau iliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili. Aliyeshinda alikuwa Bwana Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, kwa hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale. Ikapigwa chapa mwaka 1960, na tangu hapo watu wakamjua Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko. Akasema mwaka ule ule wa 1958, huko India, watu wa jimbo la Kerala, ambao lugha yao ni Kimalayalam, walianza kutoa tuzo kwa vitabu vya lugha yao kwa mkono wa chuo chao cha fasihi, Kerala Sahitya Akademi. Wenzetu hao hawakuishia mara moja. Wakaifanya kuwa desturi ya kila mwaka, na kwao mwandishi wa Kimalayalam ni mtu anayejulikana hata na muuza chai.

"Nasi je?" akauliza mwenzetu.

Mwalimu akasema nasi tumeamka. Kenya walianzisha Tuzo ya Jomo Kenyatta, nayo ina nafasi ya vitabu vya Kiswahili. Mwaka 2014 ikaanzishwa tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya fasihi ya Kiswahili, ambayo baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Katika hiyo Dotto Rangimoto alishinda upande wa ushairi mwaka 2017 kwa diwani yake Mwanangu Rudi Nyumbani. Tena Serikali yetu, kwa mkono wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Washindi wa kwanza walitunzwa tarehe 13 Aprili, 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, halafu hadithi za watoto zikaongezwa. Jina hilo halikutolewa bure, kwa kuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mtu wa lugha. Alimfasiri Shakespeare, akatupa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tena kabla ya kuingia kabisa katika siasa alifundisha Pugu, kati ya mwaka 1953 na 1955, hapo hapo mlangoni pa wilaya yetu ya Kisarawe.

Mambo hayo yote niliyasikia, lakini ukweli ni kwamba masikio yangu yalisimama mahali pamoja tu. Mwalimu alisema mshindi wa kwanza alipewa shilingi milioni 10, wa pili milioni 7, wa tatu milioni 5, na kwamba muswada ulioshinda hupigwa chapa ukasomwe mashuleni. Milioni kumi! Nyumba yetu ni ya udongo, na upande mmoja wa paa makuti yameoza, kila masika tunahamisha vitanda. Palepale darasani nikaanza kuiezeka kwa mabati kichwani mwangu. Kengele ilipolia nilikuwa nimekwisha kuweka na milango.

Nikaanza kuandika. Nilinunua daftari kubwa, nikakaa usiku baada ya masomo ya jioni, nikaandika "Sura ya Kwanza", nikapiga mstari chini yake. Baada ya hapo sikupata kitu. Niliandika habari za mfalme, nikafuta. Niliandika habari za mwizi wa mjini Dar es Salaam, na mimi Dar es Salaam nimefika mara tatu tu, nikafuta. Majuma sita yakapita nami nina kurasa nne, na hizo nne mimi mwenyewe sikuzipenda. Nilikuwa nafikiri zaidi habari za mabati kuliko habari za watu.

Likizo ya Juni nikaenda nyumbani. Kwetu si mbali sana na hapa Chole, ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Babu yangu anakaa nasi. Ni mzee aliyemaliza darasa la nane zamani, alikuwa karani, na sasa macho yake yamepungua nguvu, haoni maandishi madogo. Siku moja aliniita, "Mwenzangu, hebu niletee miwani katika sanduku." Nikafungua sanduku lake la bati lililo chini ya kitanda. Miwani ilikuwa juu. Chini ya miwani palikuwa na kitabu kisicho na jalada, nikakifunua: Mzimu wa Watu wa Kale. Na chini ya kitabu palikuwa na madaftari matatu yaliyofungwa kwa uzi wa katani, yameandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko wa karani, kila herufi imesimama mahali pake.

Nilimpelekea miwani. Usiku nikarudi sandukuni kwa siri, nikayasoma madaftari yale kwa mwanga wa simu ya baba, na sikulala.

Ilikuwa hadithi ya kijana mmoja aliyepata kazi ya kupima korosho katika ghala la chama cha ushirika, mwaka 1966. Wakulima walileta magunia kichwani na kwa baiskeli, na korosho zile zilipelekwa pwani kupakiwa melini, ziende kubanguliwa India, huko huko Kerala alikokutaja Mwalimu. Yule kijana akagundua kwamba kila gunia hukatwa ratili nne, ati ndio uzito wa gunia tupu; naye alipolipima gunia tupu alikuta halifiki ratili tatu. Ratili ile moja na zaidi ya kila gunia ilikuwa inakwenda mahali. Akamwuliza mkubwa wake. Mkubwa akamwekea noti mfukoni, akamwambia, "Wewe pima, usihesabu." Siku ile ile akaja mjane mmoja na frasila tatu za korosho, alizokwisha kuzipima nyumbani kwa jirani. Kijana akaandika pungufu. Mjane akamtazama usoni, asiseme neno, akapokea fedha zake akaondoka. Madaftari yaliishia hapo hapo. Hadithi haikuwa na mwisho.

Nilijua kwamba ni hadithi nzuri, kwa kuwa mimi sijaona ghala lile lakini nilisikia harufu ya magunia. Nikajiambia: babu haoni tena, madaftari yatakuja kuliwa na mchwa, afadhali mimi niyaokoe. Shetani hakosi sababu njema. Nikayatia katika begi langu.

Muhula wa pili niliinakili hadithi yote kwa mkono wangu. Mwisho nikaubuni: kijana akapandishwa cheo, mkubwa akafungwa, mjane akarudishiwa fedha zake zote pamoja na zawadi ya kanga. Usiku mmoja niliwasomea wenzangu bwenini. Nyinyi mliokuwapo mnakumbuka palivyokuwa kimya nilipofika kwa yule mjane. Mhariri akapata habari, akaniomba sehemu ya kwanza aichape katika gazeti. Nikampa. Ndiyo mliyoisoma.

Desemba baba alilipeleka gazeti nyumbani kwa furaha, amelikunja katika mfuko wa shati. Jioni akamwita mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la sita, akamwambia, "Msomee babu yako kazi ya kaka yako." Nilitaka kuondoka, nisipate pa kwenda. Mdogo wangu akasoma kwa sauti kubwa, kama wanavyosoma mbele ya mkaguzi. Babu alikuwa amekaa kwenye mkeka, fimbo yake magotini. Alipofika pale pa mjane, babu akainua mkono akasema, "Rudia hapo pa frasila." Mdogo wangu akarudia. Babu akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Umesoma vizuri, mjukuu wangu," akaomba maji ya kunawa. Kwangu mimi hakugeuka. Usiku huo sikuomba chakula, na mama akadhani nina homa.

Lakini msidhani nilitubu. Januari nilirudi shuleni na muswada mzima, nimeuandika upya kwa mwandiko mzuri, nikampelekea mwalimu wa Kiswahili aupitie kabla hatujaupeleka kwenye tuzo. Alikaa nao siku nne. Siku ya tano akaniita chini ya mwembe ulio karibu na maktaba. Alikuwa na karatasi zangu mapajani.

"Kazi hii ni nzuri sana," akasema. "Hebu niambie, frasila moja ni ratili ngapi?"

Nikasema, "Kumi, Mwalimu."

"Na ratili moja ni kadiri gani ya kilo?"

Sikuweza kujibu.

Akasema, "Frasila ni ratili thelathini na tano, na ratili haifiki nusu kilo. Mtu aliyeandika kurasa hizi alipima kwa ratili na frasila, kwa mikono yake. Tena kurasa saba za mwisho si za mtu huyo. Hadithi hii ina kichwa cha mzee na mkia wa mtoto. Mzee ni nani?"

Njia ya mwongo ni fupi. Nilisema yote, huku natazama chini. Nilitazamia fimbo, au nitangazwe mstarini asubuhi. Mwalimu hakufanya hivyo. Alinyamaza, kisha akaniambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa sababu yalinifaa: "Tuzo haitolewi kwa hadithi nzuri tu. Hutolewa kwa mtu aliyekaa, akaona, akavumilia mpaka akaandika. Ukishinda kwa hii, huyo mtu watampa nini? Nenda kwanza kwa mwenye mali. Ukitoka kwake, nenda kwa wasomaji." Akanirudishia karatasi zangu.

Kwa mwenye mali nilichelewa kwenda mpaka likizo fupi ya Aprili. Nilifika nyumbani adhuhuri, babu yuko kibarazani peke yake. Nikaweka madaftari matatu magotini pake. Akayapapasa uzi, akayajua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwenzangu. Umeyarudisha."

"Babu, nilikuibia."

"Najua. Nilisikia siku ile. Nilikuwa nangoja nione utakaa nayo muda gani." Akacheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha. "Mimi yangu nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini."

Ndipo akanieleza, nami nikafahamu kwa nini hadithi haikuwa na mwisho. Yule karani kijana alikuwa yeye. Noti ile aliipokea. Mjane yule alikuwa mtu wa kweli, na jina lake babu analo mpaka leo, ila mimi sitalitaja hapa. Alikaa kimya msimu mzima, akaandika pungufu kwa watu wote, na msimu ulipokwisha akaacha kazi kwa kuwa alikuwa hapati usingizi. Akaazimia kukusanya fedha amrudishie yule mama. Akakusanya polepole, akioa, akizaa, akiugua, akizitumia, akianza tena. Alipozipata ilikuwa mwaka 1974, watu wamehamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Akaenda kule alikokuwa akikaa yule mama, akakuta mikorosho na mawe ya jiko. Akauliza katika vijiji viwili vitatu, asimpate.

"Sasa mwisho wake ni nini, babu?"

"Ndiyo huo. Mara tatu nilitaka kuandika kwamba nilimpata, na kalamu ikakataa. Nikaona afadhali niache."

Nikaona haya kwa sababu ya ile zawadi ya kanga niliyoibuni. Nilikuwa nimemlipa yule mjane kwa kalamu tu, kwa uwongo, tena kwa urahisi, na mwenye deni mwenyewe hakuthubutu kufanya hivyo kwa miaka yote.

Nikamweleza habari za Tuzo ya Mwalimu Nyerere. Nikamwambia kwamba mtu mzima naye hupeleka muswada, na kwamba kama akikubali nitaandika yeye akisema, na jina litakuwa lake. Nilidhani atakataa. Babu akafikiri, akauliza swali moja tu: kama kitabu kikishinda kitasomwa wapi? Nikamwambia, mashuleni. Akasema, "Basi labda kitafika kwa mjukuu wa yule mama. Mali bila daftari hupotea bila habari; mimi nilikuwa karani, nalijua neno hilo. Andika. Na jina langu liweke wazi wazi, si kwa ajili ya sifa. Liweke kwa sababu kosa lilikuwa langu."

Kwa siku zote zilizobaki za likizo tulikaa kibarazani tangu asubuhi. Yeye alisema, mimi niliandika. Nilipotaka kupamba alinizuia. Nilipoandika kwamba karani "alilia machozi" aliniambia, "Futa. Sikulia. Nilikwenda kula." Sijapata kufundishwa uandishi zaidi ya siku ile.

Baba alipojua alikasirika, si kwa kuiba kwangu tu, bali pia kwa kuwa alikuwa amewaonyesha watu gazeti mpaka sokoni. Ana haki. Namwomba radhi hapa, mbele ya watu wale wale. Namwomba radhi mhariri, ambaye alinichapa kwa nia njema. Nawaomba radhi wenzangu wa bwenini, mlionyamaza kwa ajili ya yule mjane. Msione mlidanganywa katika hilo, maana mjane alikuwako. Aliyedanganya ni mimi.

Kazi ya babu haijakwisha. Tutakapotangaziwa tena kupeleka miswada, kama Mungu akipenda, itakwenda Taasisi ya Elimu ikiwa na jina lake. Ikishinda, ameniambia anataka kwanza fedha za kwenda kuuliza tena katika vijiji ambavyo hakufika, maana yule mama alikuwa na watoto wawili. Mabati yatafuata, kama kitabaki kitu. Isiposhinda, amesema tutaipeleka mwaka mwingine, na kwamba yeye amezoea kungoja.

Mimi mwenyewe bado nina zile kurasa nne. Mtihani wa taifa ni Novemba, kwa hiyo sina haraka nazo. Lakini nimekata zile habari za mfalme na za mwizi wa Dar es Salaam, nikaandika juu ya paa letu la makuti na usiku wa masika tunapohamisha vitanda, kila mtu akijua kitanda chake kinakwenda wapi bila kuambiwa. Ni ukurasa mmoja tu. Mwalimu ameusoma, akasema una makosa sita. Nimeyasahihisha matano, la sita bado nabishana naye.

Wenzangu, wako miongoni mwenu wanaoandika kuliko mimi, na tuzo zipo kwa ajili yenu. Andikeni. Ulizeni wazee wenu wana nini chini ya vitanda vyao, na mkikipata, kitoeni kwa majina yao. Nami hapa chini naweka jina langu tena, kwa sababu ile ile aliyoniambia babu.

Wasalaam,
Wenu, mwanafunzi wa kidato cha nne.